Mvua inanyesha, mbwa yuko ndani: majibu ya barua zenu

Mvua imeturudia Bukavu tangu Septemba na haitatuachia mpaka Mei huko, na kila mwenye mbwa anajua maana yake, matope mpaka mlangoni, parsele, yaani uwanja wa nyumba, yote maji, na mbwa aliyezoea kuzunguka sasa amelala kwa baraza anatuangalia. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nifanye nini na mbwa ndani ya nyumba. Wengine mko Lubumbashi ambako shida yenu kubwa ni baridi ya Juni na Julai, na mmoja ameandika juu ya dada yake aliye Montréal kwenye theluji, basi nimewaweka wote pamoja.

Jambo Yaya. Niko na mbwa dume wa mwaka moja anaitwa Simba, kienyeji tu lakini mkubwa. Tangu mvua ianze hatoki tena na humu ndani anatumaliza. Amekula viatu vya bwana yangu, amepasua mto wa fotei, watoto wakipita anawarukia. Bwana yangu anasema tumfunge mnyororo ao tumpe mtu wa kijijini. Mimi nampenda Yaya, nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Kadutu)

Mama, tafadhali usimtoe Simba. Mbwa wa mwaka mmoja ni kijana, nguvu zake zote ziko juu, na kule nje alikuwa na kazi siku nzima hata kama sisi tuliona anazurura tu, alikuwa ananusa kila aliyepita, anafuata panya, anabwekea motari wa pikipiki, anachimba. Mvua imemnyang'anya kazi yote hiyo kwa mara moja na hakuna aliyempa ingine, basi amejitafutia mwenyewe, na viatu vya baba ndivyo vyenye harufu kali kuliko vitu vyote nyumbani. Hana roho mbaya, kukaa bure kumemchosha. Mnyororo utamzidishia, mbwa anayefungwa kutwa anakuwa mkali na anabweka ovyo, mtapata shida mbili badala ya moja.

Watu wakisikia mbwa ana nguvu nyingi wanafikiria mbio, na nyumba ya Kadutu haina nafasi ya mbio. Mimi nakuambia tumia pua. Sisi watu tuna vipokezi vya harufu kama milioni 5 ao 6, mbwa ana zaidi ya milioni 200, na sehemu kubwa ya akili yake inafanya kazi ya kunusa. Mbwa akinusa kwa bidii dakika 15 anachoka vizuri, analala mwenyewe bila kufokewa. Ndiyo maana kule Virunga walinzi wa hifadhi wakataka mbwa wa kufuata nyayo za majangili, pua ni kitu ambacho mtu hana.

Anza na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kama dagaa. Chukua konzi moja ya sambaza kavu, zile zilizokaushwa bila chumvi, zikiwa na chumvi zioshe kwanza uzianike. Mtoto mmoja mkubwa amshike Simba kwa kifua, wewe uweke sambaza moja chini mbele yake akiona kabisa, alafu useme "tafuta!" na mtoto amwachie. Rudia hivo mara kadhaa. Akishaelewa neno, weka sambaza nyuma ya mguu wa kiti, kisha chini ya kopo la plastiki, kisha mtoe aende chumba kingine na ufiche tatu nne humu salo, yaani sebuleni, moja kwa kona ya mkeka, moja kwa ukingo wa dirisha la chini, moja ndani ya kiatu kizee ambacho hakina kazi tena, hapana, kiatu acha, atafikiri viatu vyote ni vyake. Ukimwachia utaona kichwa kinashuka, mkia unasimama, na utasikia pumzi fupi fupi za pua, fu-fu-fu, mpaka anakwama sehemu moja na pumzi inabadilika. Hapo amefika. Usimwonyeshe kwa kidole, mwache apate mwenyewe, kwa sababu akisaidiwa kila mara ataanza kukuangalia wewe badala ya kutafuta.

Akizoea, mpe taulo. Tandaza taulo kuukuu chini, panga vipande vya sambaza ao bukari (ugali) iliyokauka kila mahali, likunje kama unavyokunja mkeka, mpe. Siku ya kwanza likunje kilegevu ili asikate tamaa, baadaye unaweza kulifunga fundo la katikati. Ile karto wanapangia mayai nayo ni nzuri, tia chakula kwenye vishimo, funika na magazeti yaliyokunjwakunjwa, aipasue yote. Ndiyo, salo itajaa karatasi, lakini mbwa anayeruhusiwa kupasua karto hana haja kubwa ya mto wa fotei, na watoto wanaweza kuokota wakimaliza. Bidoni ndogo ya maji pia, toa kifuniko na ile pete ya plastiki inayobaki shingoni kwa sababu anaweza kuimeza, toboa matundu mawili matatu, tia chakula ndani, ataisukuma nyumba nzima. Ikianza kupasuka vipande utupe.

Chakula cha michezo kitoke kwenye chakula chake cha siku, usiongeze juu. Na usitumie mabaki ya mchuzi, kwa sababu michuzi yetu ina vitunguu na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Chokola na zabibu pia hapana, wala mifupa ya kuku iliyopikwa maana inavunjika kuwa kama sindano.

Kwa kuwarukia watoto, mfundishe mkeka. Chukua kikwembe kizee, kiwe chake peke yake, kitandaze kwa kona ambako anawaona wote. Kila akikanyaga pale peke yake, dondosha sambaza juu ya kikwembe bila maneno mengi. Atafikiri kile kitambaa kinazaa samaki. Baadaye sema "mahali pako" kabla hajaenda, na umpe akishalala, na polepole ongeza muda. Watoto wakiingia kutoka shule wamelowa wote na kelele zao, unasema "mahali pako" na anajua la kufanya. Hii inahitaji subira na nyumba nzima iseme neno moja, siyo mama anasema "mahali pako" na baba anasema "toka hapa".

Unaweza pia kumfundisha majina ya vitu. Marekani, South Carolina, profesa mstaafu wa saikolojia John Pilley alimfundisha mbwa wake Chaser majina ya vitu vya kuchezea 1,022, utafiti ukachapishwa 2011. Simba hatuhitaji afike huko, ajue "mpira", "kamba" na "kopo" inatosha kabisa, mtoto wako wa katikati anaweza kuwa mwalimu. Dakika 10 ao 15, mara mbili tatu kwa siku, na viatu vya baba mviweke juu ya kabati. Mwambie bwana yako ampe muda mpaka Noeli.

Yaya, mimi shida yangu ni radi. Mbwa wangu jike Jacky akisikia ngurumo anatetemeka, anakojoa, mara moja alivunja mlango wa jikoni akatoroka usiku. Mama yangu anasema nikimbembeleza ndo namharibu zaidi, eti nimwache azoee. Ni kweli? (Kijana wa Nguba, Bukavu)

Mdogo wangu, mama ni mama, lakini kwa hili hapana. Woga siyo tabia ambayo mbwa anachagua ili apate zawadi, kwa hiyo kumkalia karibu na kumshika taratibu hakumfundishi kuogopa. Akija kwako mpokee. Akitaka kujificha mwache ajifiche, usimvute chini ya kitanda.

Na Jacky ana haki ya kuogopa jamani. Utafiti wa radi kwa kutumia setilaiti uliochapishwa 2016 uliweka eneo la Kabare, hapo hapo jirani yetu, kuwa la pili duniani kwa kupigwa na radi, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, iliyotangulia ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Mbwa anasikia sauti za juu ambazo sikio letu halifiki kabisa, ongeza na mabati ya nyumba zetu, ile mvua ya mawe ikianza hata sisi hatusikilizani.

Mtengenezee pango. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba mbali na dirisha, chini ya meza, ufunike meza na blanketi mpaka chini uache mlango mdogo, ndani uweke nguo yako uliyovaa bila kufua. Fanya hivo siku ya jua, umlishie humo, ili mvua ikija pawe tayari ni kwake. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa fanya mambo matatu mapema: mtoe akojoe, funga milango yote na mapazia, washa radio kwa sauti ya kawaida kama umeme upo. Ngurumo zikiwa bado mbali na yeye bado anakula, kila ngurumo mpe kipande cha kitu anachokipenda sana, nyama kabisa siyo bukari. Akikataa kula ujue woga umeshapita kiwango, acha, kaa naye tu.

Usimfunge mnyororo siku ya radi, mbwa mwenye woga anaweza kujinyonga. Na usimpe dawa zetu za kutuliza wala paracetamol wala ibuprofen, mbwa wanakufa kwa hizo. Kama anavunja milango hali yake ni kubwa, mwone veterineri, daktari wa wanyama, kuna dawa za mbwa zenyewe anaweza kumpangia kwa kilo zake.

Kiangazi cha Juni mpaka Agosti tafuta kwa telefone sauti ya ngurumo, iweke chini kabisa, hata wewe usiisikie vizuri, huku mnacheza ule mchezo wa kutafuta sambaza niliomwelezea Mama wa Kadutu. Siku zikipita panda kidogo. Akishtuka umepanda haraka, rudi chini.

Bonjour Yaya. Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inaingia mpaka mufupa. Niko na mbwa wawili wa ulinzi, mumoja mzee wa miaka 10. Mwaka uliopita niliwaingiza garaji na mbabula ya makala (jiko la makaa) ili wapate joto. Muke wangu alikasirika sana. Na muchana wanakaa tu hawatembei. Unasema nini? (Papa wa Katuba)

Papa, mama wa nyumba amekuokolea mbwa, na pengine amekuokoa wewe mwenyewe. Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, mtu analala usingizi na haamki. Mbwa ni vilevile. Mbabula ibaki nje ao mlango na dirisha vikiwa wazi kabisa, na usiku isikae ndani ya garaji hata kidogo, hata kama moto unaonekana umekwisha, ule mwekundu wa ndani bado unatoa gesi.

Joto la mbwa linatoka chini. Saruji ya garaji ndiyo inayomnyonya. Panga mbao za paleti, juu yake magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ao matambara, na kisanduku chenye mlango mdogo unaotazama mbali na upepo, kisiwe kikubwa sana, ajikunje humo apashe mwenyewe. Usiku Lubumbashi inashuka chini ya digri 10, mbwa mkubwa mwenye manyoya na kitanda kikavu anaweza, huyu mzee hapana, huyu mwingize ndani ya nyumba alale kwa korido. Ulinzi huyo kijana atafanya, na mzee akisikia kitu atabweka kutoka ndani, wezi hawajui kama yuko korido ao wapi.

Mchana ni rahisi kwenu kuliko kwetu kwa sababu baridi yenu haina mvua. Subiri jua lipande, saa nne hivi, watembeze. Yule mzee asubuhi viungo vimekaza, usimwondoe kitandani na kumpandisha ngazi moja kwa moja, mwache atembee taratibu ndani ya parsele kwanza, alafu michezo ya pua inamfaa kuliko yeyote maana hairuki wala haikimbii. Tandika mikeka pale saruji inapoteleza, mbwa mzee akiteleza mara moja anaogopa kupita hapo siku zote. Na jioni kabla ya kulala mpige burashi, huku mkono mwingine ukitafuta kupe nyuma ya masikio na katikati ya vidole, ukiona kivimbe kipya utakijua mapema.

Hello Yaya, niko Goma, Himbi. Na mbwa wangu tumechoka kuangaliana kwa salo lol. Kuna mahali penye paa tunaweza kwenda wakati wa mvua? Ulaya naona kwa videyo wanawapeleka mpaka mikahawani. (Msichana wa miaka 22)

Mdogo wangu, kule Ulaya wanafanya hivo kwa sababu ya winter yao ndefu, ile majira ya baridi, giza linaingia saa kumi na moja, basi miji mingi imezoea mbwa kulala chini ya meza ya mkahawa, na kuna kumbi za kufanyia mazoezi ya mbwa ambako unalipa saa moja mnaruka vizuizi ndani. Hapa kwetu kumbi hizo sijui kama utazipata lakini paa zipo tele, kinachohitajika ni kuomba ruhusa na mbwa mwenye adabu.

Ninachopenda zaidi ni kubadilishana nyumba. Rafiki yako mwenye baraza kubwa ao garaji, wewe unaenda kwake Jumamosi, yeye anakuja kwako nyingine. Kwa pua ya mbwa nyumba ya mtu mwingine ni dunia mpya, kila ukuta una habari. Ila kama rafiki naye ana mbwa, wakutane kwanza nje barabarani wakitembea upande mmoja, mita chache kati yao, wasikutane uso kwa uso mlangoni, mlango ni mwembamba na ugomvi wa mbwa unaanzia hapo.

Darasa la shule ya jirani siku hakuna masomo, kama mkurugenzi anakubali, ni zuri sana, madawati yanakuwa njia ya kupita chini na kuzunguka, fimbo ya fagio juu ya vitofali viwili inakuwa kizuizi cha kuruka, iwe chini ya goti lake, na mbwa mchanga ambaye hajamaliza kukua asiruke kabisa, apite juu tu. Mtaacha mmefagia. Terasi zenye paa karibu na ziwa, uliza kabla ya kutoka nyumbani, nenda saa ambayo watu ni wachache, kaa kona, leta kile kikwembe chake na maji yake. Mara ya kwanza nusu saa inatosha, ukiona analamba midomo ovyo na kupiga miayo bila usingizi, rudini nyumbani kabla hajashindwa. Chantie ya nyumba inayojengwa watu wengi wanaipenda kwa sababu iko na paa na hakuna mtu, mimi siipendi, misumari na vyuma vimejaa chini.

Hata kwa veterineri unaweza kwenda bila ugonjwa. Piga simu kwanza, mwende apimwe kilo, apewe kitu kitamu, mrudi. Siku ya sindano hatavutana nawe mlangoni.

Moto, yaani pikipiki, usimpandishe, mbwa mkubwa juu ya pikipiki kwenye barabara imelowa ni hatari kwenu wote watatu. Tembeeni mvua ikipumzika, na ukifika mwangalie nyayo, yale mawe ya volkano ambayo Nyiragongo imetumwagia 2002, yakiwa yamelowa huoni ncha zake na yanakata. Osha na maji ya vuguvugu, kausha katikati ya vidole. Na asinywe yale maji ya dimbwi, mkojo wa panya unaingia humo na unaleta leptospirosi, ugonjwa wa ini na figo ambao hata mtu anaupata. Uliza chanjo yake.

Yaya, dada yangu anaishi Montréal, amepata mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi. Januari kunafika −20. Anasema mbwa anatoka dakika mbili ananyanyua miguu analia. Anaogopa kumtesa. (Msomaji wa Uvira aliye Bukavu)

Mwambie dada mbwa hamdanganyi, miguu inauma kweli. Sehemu moja ni baridi yenyewe, ingine ni chumvi wanayomwaga barabarani ili barafu iyeyuke, inaingia kwenye nyufa za nyayo inachoma, na akirudi nyumbani anajilamba anaimeza. Amnunulie viatu vya mbwa, amzoeshe ndani kwanza, avae kimoja, ale kitu, avuliwe, kesho viwili, maana siku ya kwanza wote wanatembea ajabu wanainua miguu juu. Kama hataki kabisa kuna mafuta mazito ya kupaka nyayo kabla ya kutoka, na wakirudi bakuli la maji ya vuguvugu mlangoni, mguu mmoja mmoja, akaushwe. Koti pia, kwa mbwa wa manyoya mafupi koti siyo urembo.

Awe macho na kile kimiminika cha kuzuia maji ya gari yasigande. Kina ethylene glycol, ni kitamu, na kidogo tu kinaua figo za mbwa. Akiona amelamba kitu chini kwenye maegesho asisubiri dalili, aende kliniki saa hiyo hiyo.

Siku ya −20 atoke kwa haja tu, dakika chache. Kazi yote ihamie ndani, ile michezo ya taulo, ya karto na ya kutafuta haijui mpaka wa nchi. Kama nyumba yao ni apartama yenye korido ndefu, wacheze kujificha, mmoja anamshika mbwa, mwingine anajificha bafuni anaita jina mara moja tu alafu ananyamaza. Kule kuna pia maduka ya vitu vya wanyama yanayoruhusu mbwa kuingia na kamba, kuzunguka humo dakika 20 akinusa rafu za chini ni safari kamili kwake, na kuna madarasa ya mbwa ya ndani ambako dada atakutana na watu, winter ya peke yako ni ndefu. Mtumie sambaza kama kuna mtu anasafiri.

Tantine anauliza: watoto wakifungiwa ndani na mbwa siku nzima, si hatari? Wa mwisho ana miaka 3. (Panzi)

Inaweza kuwa hatari, Tantine, kama hakuna mkubwa anayeangalia. Mtoto wa miaka 3 na mbwa wasibaki peke yao hata dakika moja, hata kama mbwa ni mpole kama nini, kwa sababu mtoto wa umri huo anavuta masikio, anamlalia mbwa juu, anamwendea akila. Mbwa anaonya kabla ya kuuma, anageuza kichwa, anaganda, anaonyesha weupe wa jicho, ila mtoto hawezi kusoma hayo. Mbwa awe na kona ambayo watoto hawaingii, na mchezo wa kuvutana kamba uwe wa wakubwa peke yao.

La lazima kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi 3 kisha kurudia kama veterineri anavyopanga. Siku ya dunia ya ugonjwa huo ni 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, ambaye ndiye alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, na mara nyingi kampeni za chanjo zinafanyika karibu na tarehe hiyo, uliza. Mbwa yeyote akimuuma mtoto, osheni kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15 kamili mkiangalia saa, alafu hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho, siyo kwa mganga kwanza. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Mbwa wangu wa kienyeji, masikio yamesimama, mkia umejikunja, hataki kabisa kukanyaga maji. Anashikilia mkojo mpaka mvua iishe. Atapata ugonjwa? (Bagira)

Unavyomweleza anafanana na Basenji, mbwa wa asili ya huku kwetu Kongo ambao wawindaji wa msituni wanawafunga kengele shingoni kwa kuwa hawabweki. Waingereza waliwachukua, 1937 wakawaonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London na watu wakajaa kuwaona. Hao wanajulikana kwa mambo mawili, kujilamba wawe safi kama paka, na kuchukia mvua. Kwa hiyo wako hana kiburi, ni damu.

Mbwa mzima akishikilia masaa 8 hivi anavumilia, akizidisha kila siku ni vibaya kwa kibofu. Mtoto wa mbwa hesabu miezi yake, wa miezi 3 ni kama masaa 3. Mfanyie mahali pakavu pa haja: bati ao turubai ya mita mbili ukutani nyuma ya nyumba, chini umwage mchanga ao vumbi la mbao, na mara ya kwanza chukua kitambaa chenye mkojo wake mwenyewe ukiweke pale. Toka naye na kamba, simama, usiongee. Akimaliza tu mpe kitu hapo hapo nje, siyo mkiwa mmerudi ndani, la sivyo atafikiri unamlipa kwa kuingia. Usafishe mchanga kila siku, hawa hawarudii mahali pachafu.